Kioo Nilichokuchagulia

Mwanangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Mama hajui, Rehema ninayekaa naye kwenye kwaya hajui, na hata kwenye sala nalizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Ninakuonea wivu. Siyo ule wivu wa utani, wa kusema "haya bwana, nenda ukale maisha Dodoma," watu wakacheka yakaisha. Huu wangu unaamka kabla yangu. Nikifumbua macho naukuta umeshakaa kitandani, unaningoja.

Na kwa sababu ya wivu huo nimekufanyia jambo. Liko hapa mezani, mbele yangu, ndani ya boksi.

Barua, tulifundishwa, huanza kwa kujuliana hali. Hali yako naijua. Sasa hivi uko shuleni kwako Bonga, unawaaga walimu wenzako, wanakunywesha soda, na kila mmoja anasimama kusema neno ambalo wa kabla yake ameshalisema. Ukitoka huko utapita kwa kinyozi, halafu utarudi hapa Nakwa jua likiwa bado lipo. Mama yuko sokoni kwenye vitenge vyake. Nyumbani niko mimi, kuku wa jirani yetu Mama Daudi wanaotuchakurulia mchicha, na hilo boksi.

Mtu mwingine akiisoma barua hii atadhani nimerukwa na akili, msichana wa miaka kumi na saba kumwita mwalimu mwenye mvi "mwanangu". Lakini aliyeanza ni wewe. Kwetu Upareni binti wa kwanza huchukua jina la mama yake baba. Mimi nikapewa jina la bibi, Nakijwa, basi tangu sijaota meno ukaniita Mama. Nilipojua kusema nikakuitikia "mwanangu", ukafurahi mpaka ukawaita majirani waje wasikie. Unakumbuka bibi alipokuja kukaa kwetu? Ukiita "Mama!" tunaitika wawili, mmoja jikoni, mmoja chini ya meza. Bibi akachoka, akakuuliza, "Elinami, leo unamtaka mama yupi, huyu aliyekuzaa au huyo mwenye kamasi?"

Bibi alipofariki nikabaki mama peke yangu. Asubuhi ukinikuta nafagia uani unasema, "Shikamoo mama," nami nakujibu, "Marahaba mwanangu, umelalaje?" na kila siku unacheka kama vile ni mara ya kwanza.

Basi kesho anayeondoka ni wewe, anayebaki ni mimi, na leo nataka niwe mama kweli. Yapo maneno ambayo binti hawezi kumwambia baba yake. Mama kumwambia mwanawe, labda.

Habari za chandarua, dawa za malaria na kutokula kwa mama ntilie asiyefunika vyakula vyake, mkeo ameshakuambia, nawe umesema "ndiyo" mara zote bila kuinua macho kwenye gazeti. Hayo nayaacha. Mimi nazungumza habari ya kioo.

Jana tulipoingia dukani kwa Bwana Hamadi, kule karibu na stendi, kutafuta kompyuta yako ya chuo, nilijificha nyuma ya maboksi ya runinga. Unanijua, mimi dukani nanunua kwa kuonyesha kidole. Bwana Hamadi akaweka kompyuta mbili juu ya meza yake. Zilikuwa sawa kwa kila kitu, kampuni moja, bei moja, uwezo mmoja, tofauti ni vioo tu. Kioo cha ya kwanza kinang'aa kama maji kwenye beseni. Cha ya pili haking'ai kabisa, kimetulia.

"Mama, chagua," ukasema.

Bwana Hamadi akageukia mlangoni kumtafuta mama. Hakumwona. Ulipoelekeza kidole nyuma ya maboksi, akapiga makofi.

"Huyu ndiye mama? Mwalimu, una mama mbichi namna hii? Shikamoo mama!"

Na mimi, kwa mazoea ya nyumbani, nikamjibu, "Marahaba."

Mzee wa watu! Mwenye ndevu nyeupe na kofia ya swala! Wanawake wawili waliokuwa wanachagua pasi wakacheka mpaka mmoja akakalia ndoo. Nilitamani kuingia ndani ya boksi la runinga nifungiwe humo.

"Ameitikia!" Bwana Hamadi akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Basi mama, Mungu akubariki, mchagulie mwanao."

Wewe ulikuwa umeshainamia ile ya kioo kisichong'aa, unakigusa kwa ncha ya kidole. "Hii mbona kama imefubaa? Si imetumika hii?"

"Mpya, mwalimu, wallahi. Ndivyo kilivyotengenezwa, hakirudishi mwanga. Mtu wa kusoma sana kinampumzisha macho. Hiki cha kung'aa rangi zinatoka, ukiona picha ya embe utataka kulichuma. Lakini kiweke penye dirisha, utajitazama sura badala ya kusoma." Akatuonyesha mlango. "Tokeni nazo barazani mkaone wenyewe. Humu ndani taa zangu ni nzuri mno, zinawadanganya wateja."

Mwanangu, mimi ni mtoto wa muuza vitenge. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nimeshamsikia mama akiwaambia wateja, kila siku, mpaka mimi na Rehema tunaigiza sauti yake: "Mama, kitenge hakichaguliwi ndani. Toka nacho nje, kikatae au kikubali mbele ya jua." Wanawake wa Babati wote hufanya hivyo. Wanashika pindo la kitenge, wanatoka nacho mpaka katikati ya njia, wanakigeuza huku na huku, bodaboda inapiga honi, hawajali. Ile nyekundu ya dukani inaweza kuwa kahawia huko nje. Nilijua. Nikisema uongo kwamba sikujua, vitenge vyote vya mama vitanicheka.

Ukanitazama. Nami nikasema, kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Haina haja. Chukua kinachong'aa."

Wewe ukafurahi. "Mama amesema!" ukamwambia Bwana Hamadi. "Mama yangu huyu akisema ujue amepima." Ukanishika bega. Bwana Hamadi akanitazama kidogo, kama mtu aliyesikia harufu ya kitu kinachoungua lakini haoni moshi, halafu akaifunga kompyuta kwenye boksi.

"Nailoni iliyo juu ya kioo msiibandue," akasema. "Mkibadili mawazo, mpaka kesho ninapofunga duka baada ya magharibi, mnaniletea nabadilisha, mradi nailoni iko palepale. Ikibanduliwa imeshaolewa hiyo, siipokei."

Nikajua kwako nailoni haibanduki. Rimoti yetu bado iko kwenye mfuko wake, na viti vya sebuleni tunavikalia vikitupigia kelele za nailoni.

Sasa nikuambie nilivyopanga, unisikie vizuri. Wewe husoma ukiwa umelipa dirisha mgongo. Bibi ndiye aliyekufundisha, mwanga upite juu ya bega udondokee kwenye karatasi. Kwa karatasi bibi alisema kweli. Lakini mbele ya kioo kinachong'aa ukilipa dirisha mgongo, dirisha lote linaingia kwenye kioo, na kichwa chako katikati yake kama picha ya kitambulisho. Utakunja macho. Utasogeza kompyuta, utainamisha, utaweka shati dirishani. Na macho yako ndiyo hayo ninayoyajua, ukisahihisha madaftari ya darasa moja tu jioni unaomba maji ya kumezea Panado. Nikapiga hesabu kwamba ukirudi likizo ya kwanza utaniambia, "Mama, hiki kidude kinanishinda, baki nacho wewe, mimi nitatumia za maktaba." Mimi ningekataa mara moja, kwa adabu. Halafu ningesema, "Sawa tu."

Hiyo "sawa tu" ndiyo ugonjwa wangu. Tukae hapo kidogo.

Siku barua ya ruhusa yako ya masomo ilipofika, mlikaa na mama sebuleni, mkaniita. Ulikuwa umeishika barua kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa na karatasi yangu pia, ya nafasi ya chuo Arusha, kozi ya kompyuta na usanifu wa picha, imekaa kwenye Biblia karibu wiki nzima. Mama akasema nyumba hii haiwezi kusomesha watu wawili kwa mpigo, kila mtu anajua. Akasema ruhusa yako ukiiacha mwaka huu haitarudi. Wewe ukasema, "Lakini Mama aseme mwenyewe. Mama, unaonaje? Nikikaa nitakaa, kweli kabisa."

Nilikuona. Ungekaa kweli. Ndiyo ubaya wake.

Nikasema, "Sawa tu, nenda." Nikaenda jikoni nikaosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Wewe ukaja mlangoni ukasema, "Mwakani zamu yako, Mama," nami nikakujibu kwa mgongo, "Haya."

Sikuwa na wivu siku hiyo. Nilikuwa na huzuni tu, na huzuni mtu unaweza kuilalia ikapungua. Wivu ulianza ulipoanza kufurahi. Uliwahi kujisikia unavyoimba ukipaka viatu rangi? Uliwahi kujua kwamba bafuni unasalimiana na maprofesa kwa Kiingereza, wewe unauliza na wewe unajibu? Mama Daudi akaja na viazi vitamu: "Hivi ni vya mwalimu, anaenda chuo, jamani, na ukubwa wote huo, Mungu ni mwema! Na wewe Nakijwa utabaki na mama dukani, eeh? Vizuri, vizuri." Mjumbe akaja. Wanakwaya wakaja wakaimba, nami nikiwa sauti ya pili, nikikuimbia wewe uende salama.

Hicho Kiingereza cha bafuni nilikufundisha mimi. Jioni ngapi tumekaa kwenye meza hii? Umefundisha kwa Kiswahili maisha yako yote, na chuoni watakusomesha kwa Kiingereza, basi ukaja kwangu na daftari jipya ulilolijalidi kwa gazeti, ukasema, "Mama, nifundishe, lakini usinicheke." Nilikucheka. Ulicheka nawe. Nilikushikia ngazi, mwanangu, na ulipofika juu ya ukuta nikakumbuka kwamba nami nilitaka kuona upande wa pili.

Na kwa kuwa ngazi nilishaishika, ngoja nikuambie kilichoko huko juu, maana hili sijakuambia, nilikuwa naona aibu.

Nilipoingia kidato cha kwanza, kutoka shule ya msingi ya Kiswahili, nilikuwa wa pili darasa la saba. Unakumbuka ulivyotamba. Wiki ya kwanza mwalimu wa baiolojia akaingia akazungumza kipindi kizima, na mimi nikashika neno moja, maji, nalo kwa sababu alichora ndoo. Nikasubiri mtu anyooshe mkono aseme hatuelewi. Kila mtu alikuwa anaitikia kwa kichwa. Nami nikaitikia kwa kichwa. Mwalimu akisema kitu wenzangu wakicheka, nami nacheka, ila nachelewa kidogo, kwa sababu lazima kwanza nione wanacheka. Siku moja alisema mwanafunzi fulani wa zamani amefariki, na mtu wa nyuma akakohoa, nikadhani ni kicheko. Nilicheka peke yangu, mwanangu. Darasa zima likageuka.

Baadaye nilikuja kujua nusu ya wale waliokuwa wakiitikia kwa kichwa hawakuelewa kama mimi. Tulikuwa tunadanganyana kwa shingo. Muhula mzima ulipotea hivyo, na hesabu za mwaka ule hazikunirudia tena mpaka mtihani wa mwisho, ndiyo maana kidato cha tano hawakuniita. Wewe ulidhani ni bahati mbaya. Ukaniambia usilie, Mama, ni bahati. Haikuwa bahati.

Utakaa na vijana waliozaliwa ukiwa umeshaoa. Watakuita "mzee" na "teacher" na wataongea Kiingereza haraka. Usiitikie kwa kichwa kitu ambacho hujakielewa. Uliza kwa Kiswahili ikibidi. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja. Hii nyingine mimi bado ninayo.

Naona nimeanza kuhubiri. Narudi kwenye kioo.

Leo mchana, mama alipotoka, nilifungua boksi. Nilijiambia naangalia tu. Nikaitoa, nikaifunua, nikaiwasha, ile nailoni iko juu ya kioo, ina ukungu kidogo, ndiyo maana hata jana usiku ulipoiwasha uliona kinasomeka vizuri ukasema, "Umeona? Hata haking'ai sana." Nailoni ndiyo haing'ai, mwanangu. Kioo chenyewe kiko chini yake.

Na mimi nikawaza, nikiibandua sasa, mambo yamekwisha. Hata kama moyo utanisuta jioni, hata kama nitakuambia, Bwana Hamadi hataipokea. Imeolewa. Sitakuwa na la kufanya, nitalala. Nikaanzia kona ya chini, mkono wa kulia, kwa ukucha. Ikainuka na mlio mdogo, kama mtu anayefyonza.

Nikainua kiasi cha kiganja. Dirisha likaingia. Kamba ya nguo ikaingia, na mashati yako meupe manne ya safari yananing'inia, na kuku wa Mama Daudi wanapita chini yake. Nikainama nikitaka kusoma maandishi ya kona ile. Sikuyaona. Nikasogea huku, nikasogea kule, nikaweka mkono juu ya jicho. Na hapo nikajua kwamba nimewahi kukaa hivi, kwa shingo ileile, nikitafuta maandishi ndani ya dirisha.

Ni darasa la tatu. Ulikuwa unatufundisha kwenye ile shule ya kwanza, kabla ya Bonga. Mzazi mmoja mwenye moyo mzuri alikuwa amejitolea rangi ya ubao, nyeusi, ya mafuta, ile ya kupakia mageti. Ubao ukawa unameremeta, wageni wakausifu. Sisi tuliokaa upande wa ukuta, mbali na madirisha, tukawa hatuoni kitu. Unaandika chaki nyeupe, na juu ya chaki kuna anga. Wenzangu walisogea, waliinuka, walinakili kwa jirani. Mimi niliona haya kusema. Nilikaa tu na kalamu mkononi, naona mawingu kwenye ubao, siku nyingi.

Wewe uliposahihisha madaftari ukaona langu ni jeupe. Hukunichapa. Wenzangu walidhani utanichapa kuliko wote kwa sababu mimi ni wako. Ulikuja ukakaa kwenye dawati langu. Mwalimu mzima, magoti yamegonga kidevu. Ukakunja shingo, ukasogea huku, ukasogea kule, ukaweka mkono juu ya jicho. Halafu ukasema kwa sauti ndogo, "Mama, kumbe umekuwa ukisoma mawingu."

Jumamosi ukatuita. Ukatuambia tulete betri zilizokwisha za redio na tochi. Tukazivunja kwa mawe, tukatoa ule mkaa wa ndani, tukausaga na mkaa wa jikoni na majani ya maboga, mikono yetu ikawa myeusi mpaka viwiko. Ukaukwangua ubao wote kwa msasa, ile rangi nzuri ya watu ikadondoka unga unga, ukapaka masizi yetu. Mwalimu mkuu akaja akasema, "Elinami, umeuharibu ubao, ulikuwa kama kioo!" Ukamjibu, "Ndiyo ubaya wake, mwalimu. Kioo ni cha kujitazama. Ubao ni wa kusoma."

Jumatatu nikaona kila kitu kutoka kwenye dawati langu.

Basi nimekaa hapa leo na nailoni mkononi, nikajua kwamba jana nilikupakia ubao rangi ya mageti. Wewe ungekumbuka mwenyewe, ndiyo maana nilisema haina haja. Ungetoka nayo barazani, ungekunja shingo mara moja tu, ungesema, "Aa, huu ni ule ubao." Nilikunyima kutoka nje, mwanangu. Hicho tu ndicho nilichokufanyia.

Nimeirudisha nailoni. Nimeikandamiza kwa kitambaa cha kitenge, nimeisugua kutoka katikati kwenda kando kama fundi. Imeshika, ila kona ya chini imebaki na kiputo kidogo, kama punje ya ulezi. Sijui kama Bwana Hamadi atakiona. Akikiona, mwambie ni mama yako aliyekifanya, na mimi nitakuwepo, sitakuwa nyuma ya maboksi. Nitasema mwenyewe.

Usidhani wivu umeisha kwa kuandika. Nimeuangalia hapa, upo. Kesho basi likiondoka nitakupungia mkono nao utakuwa palepale. Picha zako za chuoni nitazitazama nikiwa nimekalia robota la vitenge, na nitazikuza nione nyuma yako kuna nini. Nadhani nitakuwa nao mpaka nitakapopanda basi langu.

Kwa hiyo sikiliza, na hili silisemi kwa mgongo. Mwakani ni zamu yangu. Siyo "sawa tu". Siyo "haya". Mwakani nakwenda Arusha, na nataka uniambie tena, nikikutazama, na nitakujibu kwa mdomo mzima. Kompyuta yangu nitaichagua mwenyewe. Huenda nikachukua cha kung'aa, maana kazi yangu ni rangi, nitakaa nacho ndani nimefunga pazia. Lakini nitatoka nacho nje kwanza.

Wewe nenda na kile kilichotulia. Kile ulichokigusa kwa kidole. Uliona vizuri tangu mwanzo.

Jua limefika kwenye ukingo wa paa la Mama Daudi. Msikitini bado hawajaadhini. Nasikia viatu, kile cha kushoto kinacholia tangu ulipokipeleka kwa fundi. Umesimama unamsalimu Mama Daudi, anakuuliza amekunyoa nani, unacheka. Mkono wangu wa kushoto uko juu ya karatasi hii, ndivyo ninavyoandika siku zote, unajua, tangu darasa la tatu nafunika ninachoandika hata kama hakuna mtu. Sasa umefungua geti. Nautoa mkono. Kompyuta nimeirudisha ndani ya boksi, boksi limefungwa, kamba iko tayari, na karatasi iko wazi juu yake.

Isome ukiwa umesimama hapohapo mlangoni. Duka bado liko wazi.

Mwanangu, usivue viatu.